Je, wajua kwa nini fenibelti, ule mkanda wa mpira unaozungushwa na injini ili kuendesha altaneta na pampu ya maji, hulia alfajiri kisha ikanyamaza?

Asubuhi za Nakuru, hasa mvua ikiwa imenyesha usiku, Toyota ya zamani ikiwashwa hupiga unyende unaosikika nyumba ya tano. Dakika moja au mbili, kisha kimya. Mwenye gari hufurahi kwamba limejiponya. Halijajiponya: mkanda uliokuwa ukiteleza umepata mshiko, na kesho utateleza tena.

Kwa nini alfajiri? Kuwasha injini hula umeme mwingi wa betri kwa mara moja. Injini ikishika tu, altaneta, yaani mashine inayozalisha umeme wa gari, huanza kuurudisha umeme huo, na altaneta yenye kazi nyingi huwa nzito kuzungusha. Ongeza taa na waipa, uzito unazidi. Mzigo huo wote unabebwa na mkanda mmoja ambao wakati huo ni mgumu kwa baridi na una umande kwenye matuta yake. Basi unashika puli, yaani gurudumu dogo unalopitia, unaachia, unashika tena, mara nyingi mno kwa sekunde. Ndivyo orutu, fidla ya uzi mmoja ya Waluo, inavyoimba: upinde hushika uzi na kuuachia, mtetemo ukawa sauti. Mpira ukipata joto na betri ikijaa kiasi, mchezo huo unakwisha.

Kuna sauti mbili, na ni vyema kuzitofautisha kabla ya kutoa pesa. Unyende mrefu mara nyingi ni mkanda kulegea. Mlio mfupi mfupi, kama kifaranga, mara nyingi ni puli iliyokaa upande. Chukua chupa ya kunyunyizia, uwe mbali na feni, kisha unyunyizie maji kidogo upande wenye matuta injini ikizunguka. Kelele ikizidi, tafuta ulegevu. Ikikoma kidogo halafu ikarudi, tazama puli zimenyooka au la. Wapo wanaopaka sabuni ya kipande au mafuta ya breki ili kunyamazisha. Huko ni kuziba mdomo wa mtoto mgonjwa. Mafuta huharibu mpira, na utelezi unabaki palepale.

Usidanganywe na sura pia. Mikanda ya zamani ya neoprini ilipasuka nyufa wazi wazi ikizeeka. Mingi ya sasa hutengenezwa kwa mpira wa EPDM, ambao huliwa polepole kama tairi bila kuonyesha ufa. Mkanda unaweza kuonekana mzima ilhali mifereji yake imepanuka mpaka inagusa kilele cha puli. Vumbi la Nakuru wakati wa kiangazi huusugua kama msasa, na joto la Kisumu nalo haliusaidii.

Kuubadilisha nyumbani si kazi ya kutisha. Kwanza jua gari lako linakazwa vipi. Probox na Corolla NZE zenye injini ya 1NZ-FE hukazwa kwa kusogeza altaneta: unalegeza boliti zake, unasukuma, unatoa mkanda. Premio ya 1.8 yenye 1ZZ-FE ina tenshena, yaani kifaa kinachokaza mkanda chenyewe, ambayo unaizungusha kwa spana, mara nyingi namba 19, na mkanda unalegea wenyewe. Usichanganye mkanda huu na ule wa taimingi, unaopanga mwendo wa vali ndani ya injini. Injini hizo mbili hutumia cheni ya taimingi, iko ndani, na huigusi.

Zima, toa ufunguo, fungua waya wa hasi wa betri, na uache injini ipoe. Piga picha ya njia ya mkanda kwa simu kabla ya kugusa kitu. Ukisahau hili, jioni itakukuta ukikisia. Kwa Toyota nyingi ambazo injini imekaa kukingama gari, puli ziko upande wa dereva, na nafasi ni finyu. Mara nyingi ni rahisi zaidi kutoa gurudumu la mbele na plastiki ya ndani. Ukipiga jeki, weka stendi. Tofali si stendi. Hupasuka bila kuaga.

Mkanda ukishatoka, zungusha kila puli kwa mkono. Hapa ndipo watu wengi huharakisha, na hapa ndipo jibu lilipo. Ikikwaruza au kucheza kushoto na kulia, beringi imekwisha, na mkanda mpya utalia vilevile. Soma pia namba ya mkanda: 6PK1220 maana yake ni matuta 6 na urefu wa milimita 1,220. Muuzaji akisema "hii inakaribiana", ondoka.

Pitisha mpya ukifuata picha, ukimalizia na puli iliyo rahisi kufikia. Pitisha kidole kila puli: tuta moja likining'inia nje, mkanda utachanika. Kwa mkanda unaokazwa kwa mkono, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu zaidi. Usogee kama sentimita moja. Kukaza kupita kiasi huua beringi za altaneta na pampu ya maji, na hizo ni ghali kuliko mkanda.

Ukiupuuza, unaweza kukatika mahali pabaya, mathalani ukipanda Mau Summit ukielekea Kericho. Taa ya betri itawaka, na stiringi ya mafuta, gari likiwa nayo, itakuwa nzito. Katika injini hizi pampu ya maji huzungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo sindano ya joto itapanda upesi. Simama hapo hapo pembeni. Kilomita mbili za "nitafika tu" zinaweza kupinda kichwa cha silinda.

Mkanda mpya wa kukazwa kwa mkono hulegea kidogo baada ya siku chache, kwa hiyo ukague tena. Ule wa zamani, kama haukuchanika, uweke akiba kwenye buti pamoja na spana.