Saa ya jua: tunayoambiwa na kivuli kinavyosema

“Chomeka kijiti wima, kizungushie mawe kumi na mawili, tayari una saa ya jua.” Ndivyo tunavyowafundisha watoto, na huniuma, maana baada ya miezi michache mawe yale hayasemi kweli tena. Jua huhama kaskazini na kusini kwa majira, na kivuli cha kijiti kilichosimama wima hubadili mwelekeo kwa saa ileile. Dar es Salaam, mwezi Juni kivuli cha adhuhuri huangukia kusini. Desemba huangukia kaskazini. Hata upande kinakozungukia hugeuka!

Dawa ni kukiinamisha kijiti kiwe sambamba na mhimili wa dunia, yaani mstari ambao dunia hujizungusha juu yake. Ibn al-Shatir, mtunza nyakati za swala wa Msikiti wa Umayya, Damascus, alifanya hivyo yapata mwaka 1371, juu ya bamba la marumaru la takriban mita 2 kwa 1 lililowekwa kwenye mnara wa msikiti. Pale Damascus kijiti huinuka nyuzi 33 na nusu hivi, kikielekea kaskazini. Dar es Salaam, iliyo kusini ya ikweta na karibu nayo, kingeelekea kusini, nyuzi 7 tu, karibu kulala kabisa.

Kwa hiyo si kweli kwamba saa nzuri ya jua inafaa popote. Mwaka 263 KK Warumi waliteka moja huko Catania, Sicily, wakaisimamisha Roma. Plinius, mwandishi wa Kirumi, anaeleza kuwa mistari yake haikulingana na saa za hapo, lakini waliifuata miaka 99.

“Inapishana na simu, basi ni mbovu.” Hapana. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo 45, inayopita karibu na Mogadishu. Dar es Salaam iko magharibi zaidi, hivyo jua hupinduka, kwa wastani, saa 6 na dakika 23. Kigoma ni saa 7 na dakika moja hivi. Tena mwanzoni mwa Novemba jua hutangulia wastani huo kwa dakika 16, na katikati ya Februari huchelewa dakika 14.

Na wanaodhani kuhesabu saa tangu macheo ni kwetu tu, Warumi nao waligawa mchana mafungu 12, saa sita ikiwa adhuhuri. Saa yao ya Juni ilifika dakika 75, ya Desemba 45. Karibu na ikweta, hubaki karibu dakika 60 mwaka mzima.