Daktari akigombea, muulize kuhusu friji ya dawa

Kila daktari anapochukua fomu ya kugombea ubunge au urais, nasikia kauli ileile: huyu ndiye atakayetukomboa kiafya, maana ugonjwa anaujua. Mimi mwenyewe ni daktari niliyehamia kwenye sera za afya, na hufurahi sana kuona wenzangu wakijitosa kwenye siasa. Ila kura yangu haipatikani kwa koti jeupe.

Chukua oksitosini, sindano anayochomwa mama mara tu mtoto anapozaliwa ili asivuje damu kupita kiasi. Dozi yake ni yuniti 10 kwenye msuli, na mkunga mzoefu huichoma ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa. Dawa hii kwa kawaida inatakiwa itunzwe kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 tangu inapotoka kiwandani. Ikikaa bohari yenye joto kwa muda mrefu inapungua nguvu, na kwa macho huwezi kuijua, kwa kuwa kichupa ni kilekile na dawa ndani yake ni angavu vilevile. Mkunga anachoma, damu haikati. Anachoma tena, bado. Ukifuatilia chanzo unakuta umeme uliokatika, friji iliyokosa fundi, zabuni aliyopewa mwenye bei ya chini bila ubora kukaguliwa, au fedha za dawa ambazo bunge lilizipitisha na hazina ikachelewa kuzitoa. Daktari wa zamu hana mamlaka juu ya lolote kati ya hayo. Mbunge na waziri wanayo.

Ndiyo maana namheshimu mno Rudolf Virchow, daktari wa Kijerumani. Mwaka 1848 serikali ya Prussia, ufalme wa Kijerumani wa wakati huo, ilimtuma jimbo lake la Upper Silesia kuchunguza mlipuko wa homa ya taifasi. Ripoti aliyorudi nayo ilizungumzia elimu, barabara, kilimo, mzigo wa kodi na haki ya wananchi kujitawala. Baadaye aliingia siasa kabisa. Akiwa diwani Berlin alipigania mfumo wa majitaka, na kuanzia 1880 hadi 1893 alikuwa mbunge wa Reichstag, bunge la Ujerumani. Gro Harlem Brundtland, daktari aliyekuwa Waziri Mkuu wa Norway kisha akaongoza Shirika la Afya Duniani, naye aliusimamia mkataba wa kudhibiti tumbaku uliopitishwa 2003. Silaha kuu za mkataba ule ni kodi na marufuku ya matangazo. Hiyo ndiyo sera ya afya: mara nyingi inaandikwa wizara ya fedha.

Lakini historia ina upande wa pili, na sisi madaktari hatupendi kuutaja. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ilianza tarehe 5 Julai 1948 chini ya waziri wa afya Aneurin Bevan, aliyeanza kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe akiwa kijana mdogo. Miezi michache kabla, madaktari wengi walikuwa wameipigia kura ya kuipinga. Kule Saskatchewan, Kanada, bima ya matibabu kwa wote ilipoanza Julai 1962, madaktari waligoma siku 23. Kwa hiyo nikimpata mgombea daktari, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni atasimama wapi siku maslahi ya wagonjwa yatakapogongana na ya chama cha wanataaluma wenzake.

La pili ni ilani yake. Daktari amezoea kumpigania mgonjwa mmoja aliye mbele yake, naye hatakiwi kuhesabu gharama. Bajeti ya taifa hairuhusu hivyo. Ilani ikijaa majengo ya hospitali za kibingwa, huku ikinyamaza kuhusu mishahara ya wauguzi na matengenezo ya vifaa, napata wasiwasi, kwani jengo hukatiwa utepe siku moja ila muuguzi hulipwa kila mwezi.

Muulizeni basi fedha zitatoka wapi, na nini kitasubiri. Akisema zahanati na wakunga kwanza, mashine ya mabilioni baadaye, na akalisema hilo mbele ya watu wanaoitaka mashine ile, mimi nitamsikiliza hadi mwisho hata kama chama chake si changu.