Kwa nini wenye hisa huikimbia kampuni ndogo ya mafuta kabla haijachimba kisima?

Ukikaa Kigoma mjini muda wa kutosha utalisikia swali hili, iwe Mwanga au pale Kibirizi dagaa wanapoanikwa: kama kweli chini ya Ziwa Tanganyika kuna mafuta, mbona kampuni zinakuja, zinapima, halafu zinapotea? Na mbona hisa za kampuni za namna hiyo huporomoka wakati hakuna aliyetangaza kwamba mafuta hayapo?

Mara nyingi mwekezaji hana shaka kubwa na mafuta yenyewe. Anachojiuliza ni kama kampuni itakuwa bado hai siku mafuta hayo yatakapopata mnunuzi.

Upande wa Kongo, kwenye rasi ya Kalamba, mafuta huchuruzika yenyewe kutoka chini ya ziwa. Ziwa letu pia liko kwenye mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, mkono uleule wenye Ziwa Albert, ambako Uganda iligundua mafuta mwaka 2006. Lakini mafuta hayatoshi kuwepo tu. Lazima pawe na mwamba ulioyapika, mwamba wenye vitundu wa kuyahifadhi, na juu yake mwamba usiopitisha kitu. Yale ya Kalamba yanathibitisha kwamba mafuta yalipikwa; yanathibitisha pia kwamba mengine yanatoroka. Mwaka 1987 kampuni kubwa ya Marekani, Amoco, ilichimba visima viwili Burundi kwenye bonde la Rusizi, kaskazini mwa ziwa, na vingine viwili kwenye bonde la Rukwa, huko Ivuna na Galula. Havikutoa mafuta ya kuuza.

Amoco ilikuwa na visima vinavyozalisha kwingineko, ikaweza kuimeza hasara hiyo. Kampuni ndogo haina pipa hata moja sokoni. Mishahara ya wanajiolojia, ada za leseni, meli ya kupima mitetemo ili kujua miamba ilivyo chini ya ziwa, vyote hulipwa kwa fedha za wenye hisa, na zikiisha kampuni hutoa hisa mpya. Tuseme mama anayeuza dagaa Kibirizi ana hisa 10,000 katika kampuni yenye hisa milioni 10. Anamiliki sehemu moja kwa elfu. Kampuni ikitoa hisa nyingine milioni 10 ili ilipie kisima, na yeye asiongeze shilingi, hisa zake zitabaki zilezile 10,000 lakini umiliki wake utakuwa umekatwa nusu. Tena hisa mpya huuzwa kwa kawaida chini ya bei ya sokoni, ili zivutie. Ndiyo maana wanaojua kwamba hisa mpya ziko njiani huuza mapema, na bei hushuka kabla ya tangazo lolote. Wala hakuna siri ya mwamba iliyovuja. Wamesoma tu salio la benki.

Leseni nayo ina muda. Kampuni hupewa kitalu, yaani eneo la kutafuta mafuta, kwa masharti: miaka kadhaa ya kupima, kisha ichimbe au irudishe. Ikikaribia mwisho bila fedha, hutafuta mbia wa kulipia kisima. Mbia akijitoa, hata kwa sababu zake za nyumbani, soko huchukulia kwamba kuna jambo ameliona kwenye takwimu.

Kwa Kigoma ugumu unaongezeka. Ziwa lina kina cha mita 1,470 panapozidi, na halina njia ya kuingiza meli ya kuchimba kutoka baharini. Mtambo ungeletwa vipande vipande kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kupitia Tabora, na kuunganishwa hapa. Beach Energy ya Australia, iliyochukua kitalu cha kusini mwa ziwa mwaka 2010, ilipima mitetemo mwaka 2012 kisha ikaondoka bila kuchimba. Katika miaka iliyofuata upimaji huo, pipa la mafuta lililovuka dola 110 Juni 2014 lilikuwa limeshuka chini ya dola 30 Januari 2016. Bei ya namna hiyo inatosha kuua mpango wowote wa ziwa lenye kina kirefu.

Basi kwa nini watu hununua hisa hizi? Kwa sababu ya mifano kama Hardman Resources. Ilikuwa kampuni ndogo ya Australia iliyoshiriki ugunduzi wa Uganda mwaka 2006, na mwaka huohuo kampuni ya mafuta ya Tullow ikakubali kuinunua kwa takriban dola bilioni 1.1. Angalia faida ilikotoka: Hardman haikusubiri kuuza mafuta ya Uganda. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza huko ulifikiwa Februari 2022, miaka 16 baada ya ugunduzi, na hakuna kampuni ndogo inayoweza kungoja hivyo. Kwa hiyo mwekezaji huuliza nani atainunua kampuni yangu, na mafuta yatasafirishwa kwa njia gani. Bomba la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, linapita mkoani Tabora. Kiwanda cha kuyavika mabomba yake kinga ya joto kilijengwa pale Sojo, Nzega. Kigoma iko mbali nalo.

Watanzania tulipata nafasi ya kununua hisa za aina hii Dar es Salaam mwaka 2014, Swala Oil and Gas ilipoorodheshwa kwa shilingi 500 kwa hisa, ikiwa na vitalu vya Kilosa-Kilombero na Pangani. Anayepewa waraka wa hisa kama hizo asianze na ukurasa wa mapipa yanayokisiwa. Aanze na fedha taslimu zilizopo, agawanye kwa matumizi ya mwezi, alinganishe na tarehe ya mwisho ya leseni.

Hesabu hiyo inatuhusu hata sisi tusio na hisa. Maji ya Ziwa Tanganyika hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, na hukaa humo mamia ya miaka. Kampuni isiyo na uhakika wa kulipa kisima chake haitaweza kusafisha mafuta yakimwagika kwenye maji wanamovuliwa migebuka na dagaa. Mimi ningetaka fedha za dhamana ziwe zimewekwa benki kabla mtambo haujapakiwa kwenye behewa.