Mnyama ambaye hakuwepo: kwa nini woga uliwafanya watoto wa shule waue?

Katika riwaya ya Lord of the Flies, iliyoandikwa na Mwingereza William Golding, watoto wa shule wanaishi kisiwani wakimwogopa mnyama. Wanamuota usiku, wanapanda mlima kumsaka, mwishowe wanamwachia kichwa cha nguruwe kama sadaka. Lakini soma kitabu chote: mnyama huyo hamng'ati mtu yeyote. Watoto watatu wanakufa, mmoja kwa moto uliowashwa na wenzake na wawili kwa mikono ya wenzake. Basi ni nini kilichowaondolea utu wao?

Mwanzo wao ulikuwa mzuri. Ndege iliyowabeba imeanguka wakati wa vita, hakuna mtu mzima aliyesalia. Ralph anachaguliwa kiongozi kwa kura. Wanaokota gamba kubwa la konokono wa baharini, linalopulizwa kama baragumu, na wanapatana kwamba mkutanoni anayelishika ndiye mwenye haki ya kusema. Wanawasha moto mlimani kwa miwani ya Piggy, mvulana mnene mwenye pumu, ili meli zione moshi. Ungeuona mkutano huo ungedhani uko kwenye kikao cha serikali ya kijiji, mambo yanakwenda kwa utaratibu.

Kosa linaanza kwenye kikao chenyewe. Mtoto mdogo mwenye alama usoni anashika baragumu na kusema ameona kitu kama nyoka mkubwa msituni. Wakubwa wanacheka. Ralph anasisitiza kwamba hakuna mnyama. Jack, kiongozi wa wawindaji, anasema kama yupo watamwinda na kumuua. Hakuna anayemwambia mtoto: twende utuonyeshe. Muda si mrefu moto wao unawatoroka na kuunguza msitu, na mtoto yule haonekani tena. Aliyekuwa wa kwanza kuutaja woga ndiye wa kwanza kupotea, na hakuna aliyejua hata jina lake.

Mimi nilikulia upande wa Kongwa, mkoani Dodoma, kwenye tembe ya bibi yangu, na kila nikifika hapo nakumbuka usiku mmoja. Upepo wa kwetu unajulikana. Tulisikia kitu kikipigapiga nje, karibu na zizi la mbuzi, tukajifunika shuka tukilia kwamba ni fisi. Bibi hakutucheka. Alichukua kibatari, akasema, "Haya wajukuu zangu, tokeni tukamwone." Tulitoka tumeshikilia khanga yake. Ulikuwa mfuko wa rambo umenasa kwenye miiba ya mgunga, unajaa upepo na kunywea. Akatuacha tuuguse mmoja mmoja kabla ya kuturudisha ndani.

Mlimani kwenye riwaya, Golding aliweka jambo linalofanana sana na lile. Usiku mmoja mwanajeshi aliyekwisha kufa anashuka kwa parachuti na kunasa kwenye miamba. Upepo ukivuma, parachuti inajaa na maiti inainua kichwa; ukitulia, inainama. Sam na Eric, mapacha waliokuwa zamu ya moto, wanaona umbo hilo kabla hakujapambazuka vizuri. Wanakimbia bila kutazama mara mbili. Wanapofika kwa wenzao, kitu kile kina mabawa, meno na kucha, tena kimewafukuza kati ya miti na kukaribia kumgusa mmoja wao.

Mapacha hawakudanganya. Mtu akishtuka, ubongo hutoa amri ya kujiokoa kabla haujamaliza kutambua alichokiona. Moyo unakwenda mbio, homoni ya adrenalini inamwagika kwenye damu, misuli inajiandaa kukimbia au kupigana. Mwili unakisia haraka kwa sababu kuchelewa mbele ya chui ni kufa. Kisha akili, ikitafuta sababu ya mwili kutetemeka kiasi kile, inajaza meno na kucha. Wahenga waliliona hili mapema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hatari inakuja baadaye, pale ung'ongo ule unapotangazwa kijiji kizima kuwa ni nyoka na hakuna anayerudi kuutazama.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, ilipo sababu ya ustaarabu wao kuvunjika. Baragumu lilikuwa na majibu ya mchana: nani aseme, nani ateke maji, nani ajenge vibanda. Usiku halikuwa na jibu. Ralph alijaribu hata kuwapigisha kura kuhusu mizimu, nao wengi wakanyoosha mikono kwamba ipo. Jack alikuja na jibu. Alileta nyama, alileta ngoma ya kuzunguka moto, na alileta kitu cha kuchoma kwa mkuki. Woga ukipewa kazi ya kufanya hugeuka ujasiri wa uongo, na ujasiri huo ni mtamu. Watoto hawakumfuata Jack kwa kuwa walipenda ukatili. Walimfuata kwa sababu karibu naye hawakutetemeka.

Mtu mmoja tu, Simon, alipanda mlimani peke yake kuthibitisha. Akamkuta maiti, akafungua kamba zilizomnasa, akashuka kuwaambia wenzake wapumzike. Alifika usiku wa mvua na radi, wote wakiwa kwenye ngoma. Wakaona kitu kinatambaa kutoka msituni. Wakamuua kwa fimbo, mikono na meno. Hata Ralph na Piggy walikuwemo. Tunasema penye wengi hapaharibiki neno. Kwenye duara lile wingi wenyewe ndio ulioharibu, maana kila mmoja alikuwa mkono tu kati ya mikono mingi.

Mabadiliko yale hayakuja kwa siku moja. Mwanzoni Roger, mmoja wa wawindaji wa Jack, anamrushia mawe mtoto mdogo lakini anayaelekeza pembeni kwa makusudi, kana kwamba wazazi, walimu na polisi bado wamesimama nyuma yake. Jack anajipaka udongo na mkaa usoni, na nyuma ya rangi ile aibu inamtoka. Kufikia mwisho Roger huyohuyo anaangusha jabali linalomuua Piggy na kulisaga baragumu.

Hapo kwenye rangi za usoni na mikuki nina neno langu. Golding alichukua picha ambayo wakoloni waliitumia kutudharau na kuiita ushenzi, na msomaji wa Kiafrika ana haki ya kukereka. Ila shabaha yake ilikuwa nyumbani kwao. Jack anajigamba mapema kwamba wao si washenzi, ni Waingereza, na Waingereza ni bora katika kila jambo. Kitabu kilitoka Septemba 1954, miezi miwili baada ya TANU, chama kilichodai uhuru, kuanzishwa Dar es Salaam, wakati watawala wa Tanganyika bado wakijinadi kuwa walimu wa ustaarabu. Golding alikuwa mwalimu wa wavulana, na kabla ya hapo alipigana vita vya pili vya dunia akiwa mwanamaji. Alichokiona huko kilimtosha kutoamini majigambo hayo.

Siwezi kusoma kifo cha Simon bila kukumbuka Chamwino, wilaya ya mkoa wetu wa Dodoma. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na umati na gari lao likachomwa moto. Walikuwa wamekuja kwa kazi ya kuchukua sampuli za udongo. Ilikuwa imeenea habari kwamba ni wanyonya damu. Watu wa kule si wakatili kuliko wengine. Ni ndugu na jirani zetu, wanaokaribisha mgeni kwa ugali kama Mgogo yeyote. Lakini habari ya wanyonya damu ni ya zamani Afrika Mashariki, watoto wanalazwa nayo, na siku ile ilikwenda kwa kasi kuliko swali.

Je, kila kundi lililoachwa peke yake lazima liishie hivyo? Mwaka 1965 wavulana sita kutoka Tonga, katika bahari ya Pasifiki, walichukua mashua bila ruhusa, wakapotezwa na dhoruba na kutupwa kwenye kisiwa kitupu cha 'Ata. Walikaa huko zaidi ya mwaka mmoja, hadi nahodha Mwaustralia, Peter Warner, alipowakuta mwaka 1966. Wote sita walikuwa hai. Mmoja alipovunjika mguu, wenzake walimfunga kwa vijiti na majani hadi akapona. Waliogombana walitenganishwa, kila mmoja upande wake, hadi hasira ipoe. Moto wao uliwekewa zamu na haukuzimika. Na giza lilipoingia walikaa pamoja kuuzunguka, wakaimba na kusali, kisha wakalala.