Telekonvata haikusogezi kwa faru

Saa saba mchana, chini kwenye kreta ya Ngorongoro, faru mweusi alikuwa amesimama mbali kabisa. Humo ndani gari haliruhusiwi kuacha barabara, kwa hiyo faru akiwa upande wa pili wa uwanda, huna la kufanya ila kumtazama hukohuko aliko. Mgeni niliyekuwa naye alifunga telekonvata ya 2x, kipande chenye vioo kinachokaa kati ya kamera na lenzi na kukuza picha mara mbili, nyuma ya lenzi yake ya 500mm f/4, akapata 1000mm, akapiga picha nyingi mno. Jioni tukazifungua kwenye kompyuta. Faru alijaa kwenye fremu, lakini pembe zake zilikuwa zimepindapinda kama kitu kinachoonekana kupitia maji yanayochemka. Mgeni akasema telekonvata ni mbovu na akirudi kwao ataiuza.

Haikuwa mbovu. Kesho yake asubuhi, kwa telekonvata ileile na lenzi ileile, tulimpiga picha keremkerem aliyekuwa juu ya kijiti hatua chache tu kutoka garini, na ungeweza kuhesabu vinyoya vya kooni mwake. Tofauti ilikuwa hewa.

Mchana ardhi ikishapata moto, hewa iliyo karibu nayo hupanda ikiwa na joto lisilolingana, tabaka hili na lile. Mwanga ukipita katika tabaka hizo hupinda kidogo kidogo, kila mara kwa namna yake. Ni mazigazi yaleyale yanayokuonyesha maji juu ya lami. Mita kumi za hewa hiyo hazina madhara makubwa, lakini mita mia nane huharibu picha kabla mwanga haujafika hata kwenye kioo cha kwanza cha lenzi. Telekonvata haiwezi kuchagua. Inachukua sehemu ya katikati ya picha iliyotengenezwa na lenzi na kuikuza yote: faru, vumbi, mtikisiko wa mkono wako, na mazigazi pia. Ndiyo maana nasisitiza kila ninapofundisha: hiki ni kifaa cha kupigia mnyama mdogo aliye karibu. Kwa mnyama mkubwa aliye mbali, subiri asubuhi, au piga picha pana inayoonyesha faru na ukuta wa kreta nyuma yake. Mara nyingi hiyo ndiyo picha bora zaidi, na watu huipita bila kuiona kwa sababu macho yao yako kwenye milimita.

Sasa mwanga. Lenzi ya 500mm f/4 ina tundu lenye kipenyo cha 125mm, yaani 500 gawanya kwa 4. Ukiongeza telekonvata, kipenyo hicho hakipanuki; kinachoongezeka ni urefu wa fokasi. 1000 gawanya kwa 125 ni 8, basi lenzi yako imekuwa f/8. Umepoteza stopu mbili, yaani mwanga umepungua kwa nusu, kisha kwa nusu tena. Kwa 1.4x unapoteza stopu moja tu, unapata 700mm f/5.6. Kama alfajiri ulikuwa unapiga kwa ISO 3200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga), ukitaka kasi ileile ya shata na 2x itabidi upande hadi 12800, na chenga zitaonekana. Tena kasi ileile haitoshi, kwa kuwa kila mtikisiko nao umekuzwa mara mbili.

Wengi huniuliza kwa nini wasikate tu picha baadaye. Swali zuri. Kamera ya megapikseli 24 ukiikata kiasi cha 1.4x inakuachia kama 12. Ukiikata kiasi cha 2x zinabaki 6. Kwa lenzi kali ya urefu usiobadilika, 1.4x karibu kila mara inashinda kukata. Kwa 2x inategemea. Jipime mwenyewe nyumbani: bandika gazeti ukutani, weka kamera kwenye tripodi, piga ukiwa na telekonvata, kisha bila telekonvata, kisha ikate ile ya pili hadi zilingane. Kama herufi zinasomeka sawasawa, umebeba mzigo bure.

Faida moja husahaulika: umbali wa karibu kabisa ambao lenzi inaweza kufokasi haubadiliki. Ulikuwa unaweza kumkaribia mdiria hadi mita nne? Bado ni mita nne, ila sasa ni mkubwa zaidi. Hapo ndipo ninapoipenda.

Kabla ya kununua, hakikisha inaingia. Telekonvata nyingi zina kioo kinachochomoza mbele, na lenzi nyingi hazina nafasi ya kukipokea. Lenzi ya Canon RF 100-500mm huipokea, lakini lazima zumu ianzie 300mm kwenda juu, hivyo tembo akikujia karibu ghafla huna pa kurudi. Kwa DSLR za zamani, yaani kamera zenye kioo cha kuakisi ndani, fokasi ya otomatiki nyingi hukoma baada ya f/5.6, na nyingine hufika f/8 kwa nukta ya katikati tu. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi zinaendelea hata f/11, ingawa kwenye mwanga hafifu hupapasa.

Garini, zima injini, laza lenzi juu ya kimfuko cha mchele dirishani, na waombe wenzako watulie. Kama baridi ya asubuhi iliwafanya mfunge vioo, fungua dirisha na ungoje dakika kadhaa, maana joto la ndani linapotoka hutengeneza mazigazi yake hapohapo mbele ya lenzi. Nimeona asubuhi nzuri ikiharibika hivyo.

Na usiifunge wala kuifungua huku magari yakipishana. Vumbi la kreta ni laini kama unga na huenda moja kwa moja kwenye sensa, kile kihisi cha picha ndani ya kamera. Mimi huamua nikiwa bado juu, kabla hatujaanza kuteremka: kama ni siku ya ndege naifunga hukohuko, kama tunatafuta faru, inabaki ndani ya begi.