Je, wajua kwa nini kijibwa humngurumia mtoto anayesogelea mfupa wake?

Spitz mweupe, kijibwa cha manyoya mengi, amelala chini ya meza na mfupa wake. Mtoto wa miaka miwili anamwendea, mkono mbele. Mbwa anaacha kutafuna, mwili unakakamaa, kichwa kinainama juu ya mfupa, weupe wa jicho unatokeza pembeni. Ndipo ananguruma. Kwa wengi tukio linaanzia kwenye huo mngurumo, ingawa mbwa alishasema mengi kabla yake.

Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba mbwa anataka ukubwa: amemwona mtoto ni mdogo, sasa anamwonyesha nani bosi. Chimbuko la fikra hiyo linajulikana. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwamwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, akaeleza jinsi walivyogombania vyeo. Mtafiti wa Marekani, David Mech, aliieneza picha hiyo mwaka 1970. Lakini baada ya kuwafuatilia mbwamwitu wa porini kwa miaka mingi, Mech mwenyewe aliisahihisha mwaka 1999: kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Wanaoongoza ni wazazi, hawakupigania cheo. Na mbwa wa nyumbani si mbwamwitu. Hata hivyo, bado yapo mafunzo yanayomwambia mwenye mbwa amlaze chali au amnyang'anye bakuli ili "amjue bwana wake", na hilo ndilo humfanya mbwa awe hatari zaidi.

Kinachomsumbua mbwa wa chini ya meza ni hofu ya kupoteza. Kila mkono uliposogea, kitu kilichukuliwa. Amejifunza kuuogopa mkono. Mtoto mdogo anaongeza hofu hiyo, kwa kuwa hatua zake hazitabiriki, anashika kwa nguvu, na uso wake uko karibu kabisa na mdomo wa mbwa. Utafiti wa Pennsylvania, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007 uliwachunguza mbwa walioletwa kliniki kwa kung'ata watoto. Watoto waliozoeana na mbwa waling'atwa zaidi pale alipokuwa akilinda chakula au vitu vyake.

Mngurumo ni kama honi ya lori linaloshuka mlima. Kelele inaudhi, lakini ndiyo inayokupa nafasi ya kupisha. Ukimchapa mbwa kwa kunguruma, umekata waya wa honi: lori bado linashuka, ila safari hii kimyakimya. Hofu imebaki, na imeongezewa jambo jipya, kwamba mtoto akija, kipigo nacho huja. Wengi wanaosema mbwa "aling'ata ghafla" walikuwa wamemzoeza kunyamaza.

Kwa vijibwa onyo hupuuzwa mapema zaidi. Chihuahua, mbwa mdogo kuliko wote, akinguruma, watu hucheka na kumbeba. Uchunguzi wa mwaka 2008 uliwaweka Chihuahua na Dachshund, kijibwa kirefu cha miguu mifupi, miongoni mwa mbwa wakali zaidi, japo ulitegemea majibu ya wenye mbwa na hivyo si hesabu kamili ya meno yaliyozama. Watoto nao hawaisomi sura ya mbwa: watafiti wa Lincoln, Uingereza, waliwakuta wengi wa umri mdogo wakidhani mbwa anayetoa meno ana furaha.

Basi mbwa alishwe nyuma ya mlango uliofungwa, na mifupa aitafunie hukohuko. Mtu mzima, kamwe si mtoto, apite mbali kiasi kwamba mwili wa mbwa bado umelegea, amtupie kipande cha nyama na kuendelea na safari yake. Siku zinavyokwenda asogee kidogokidogo, mpaka mbwa aanze kuinua kichwa kwa hamu anaposikia nyayo. Ikiwa anacholinda ni paja la mama, aitwe ashuke kwa kitamutamu kabla mtoto hajafika. Mbwa aliyebadilika ghafla apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo, maana maumivu huleta ukali. Na kuwaangalia wawili hawa ni kuwa karibu kiasi cha kuwafikia kwa mkono. Kuwasikiliza kutoka jikoni hakutoshi.

Meno yakishapenya ngozi, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa huzuilika kwa chanjo kabla dalili hazijaanza; zikianza, karibu kila mgonjwa hufa.