Kifua kinabana: ni karuho au ni moyo?

Siku za kupima tansio (presha ya damu) kwenye kituo chetu cha afya, hapa Bukavu, maswali huanzia kwenye benchi kabla mashine haijafungwa mkononi. Haya ndiyo yanayorudi mara nyingi kuhusu mshtuko wa moyo, ambao wengi huuita krizi.

Baba alishikwa usiku, jasho likamtoka, akafa kabla ya mapambazuko. Majirani wanasema alipewa karuho, ile sumu ya kutiliwa mtu kwenye chakula. Ni kweli?

Pole sana, mama. Sikumwona, siwezi kukuambia kilichomuua. Ila kufa ghafla si ushahidi wa sumu. Krizi nayo huua hivyo hivyo. Mishipa inayoulisha moyo wenyewe hujijenga mafuta kwenye kuta zake kwa miaka, bila kelele. Siku moja ngozi ya juu ya mafuta hayo hupasuka, damu inaganda hapo hapo, mshipa unaziba. Nyama ya moyo iliyokosa damu huanza kufa baada ya nusu saa hivi. Na kwa kuwa jana yake mtu alikula vizuri, pengine kwenye sherehe, aliyemkaribisha ndiye anayenyoshewa kidole. Kinachoniumiza zaidi ni yule ambaye bado yuko hai: anatapishwa kwa dawa za miti saa nzima, na moyo unazidi kufa.

Nitaijuaje?

Kifua hubanwa kama umelaliwa na gunia la makaa. Maumivu hupanda begani, mkononi (hasa wa kushoto), shingoni au kwenye taya. Jasho baridi, kichefuchefu, pumzi fupi. Yakifika dakika 15 hayajaacha, usingoje kuche. Wanawake, wazee na wenye ugonjwa wa sukari wanaweza wasiumwe kifua sana: uchovu usioeleweka tu, au tumbo la juu linawaka. Hao ndio wanaopewa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani.

Mimi kinabana nikipanda na mzigo kutoka soko la Kadutu. Nikisimama, kinaacha.

Usikae na hilo. Mshipa umekuwa mwembamba, haujaziba. Kwenye mlima moyo unadai damu nyingi, njia haitoshi. Ukipumzika, inatosha tena. Njoo wiki hii upimwe elektro (kipimo cha umeme wa moyo), tansio na sukari. Siku kitakapobana ukiwa umekaa, nenda hospitali moja kwa moja.

Nyumbani tufanye nini?

Akae, aegemee ukuta, asitembeetembee. Atafune aspirini ya miligramu 300, isipokuwa kama aspirini humdhuru au anatoka damu. Tafuteni gari, kwenye pikipiki anaweza kuzimia na kuanguka. Akianguka, haitiki, hapumui: bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana.

Na hospitali?

Elektro, kisha damu inapimwa troponini, kitu kinachovuja kutoka kwenye nyama ya moyo iliyoumia. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda: hutolewa ndani ya saa 12, na nguvu yake iko kwenye saa 2 au 3 za mwanzo. Njia nyingine ni kupitisha mrija mwembamba mkononi au pajani hadi kwenye mshipa uliozibwa, kuufungua kwa puto na kuacha humo kijiwavu cha chuma. Puto hilo Andreas Grüntzig alilitumia mara ya kwanza kwenye moyo wa mgonjwa mwaka 1977, Zürich. Kwetu Kongo matibabu hayo ni adimu na ni ghali.

Basi tujikinge vipi?

Tansio kwanza, maana haiumi. Ikisoma 140/90 au zaidi mara kwa mara, inahitaji kufuatiliwa. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye makayabu, samaki wa chumvi. Loweka usiku kucha ukibadilisha maji. Mawese sikukatazi, ila karibu nusu yake ni mafuta mazito: upawa mmoja pale ulipozoea miwili. Mvuta sigara akiacha, baada ya mwaka mmoja hatari ya ziada hupungua kwa takriban nusu.

Nilipona. Dawa niache lini?

Usiache mwenyewe, papa. Aspirini na dawa ya kolesteroli kwa kawaida ni za maisha. Vikibaki vidonge vya siku 5, njoo na karatasi yako.